Neno langu lilimtoa dada mmoja kanisani, nifanye nini sasa?

kiongozi_wa_sauti:

Bwana asifiwe wapendwa. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na sijamwambia mtu, hata mke wangu hajui, naomba mnisome mpaka mwisho.

Mi naongoza kwaya, mwaka wa tisa huu. Alijiunga dada mmoja kijana, alikuwa ameokoka kama miezi minane tu, sauti nzuri afu mtu wa kuwahi, yaani nikifika kufungua mlango namkuta ameshafika muda mrefu anasoma Biblia nje. Akafiwa na mama yake. Tulienda kuzika, tukaimba, tukarudi. Akakosa mazoezi wiki tano. Siku aliyorudi tulikuwa tunajiandaa na ibada kubwa, mi nimechoka, sauti ya pili haikai kabisa, na yeye katikati ya wimbo akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, machozi yalikuwa yanashuka tu na kuimba hawezi. Nikasimamisha wimbo. Nikamwambia mbele ya watu kama ishirini, "Dada, Biblia imesema tusihuzunike kama watu wasio na matumaini, sasa wewe umeokoka au hujaokoka? Kulia mpaka leo ni kumwambia Mungu amekosea." Afu nikahesabu, tukaanza upya kama vile hakuna kitu.

Alibaki mpaka mwisho wa mazoezi. Hakurudi tena. Sio kwaya tu, kanisani pia. Na mimi nikasema huyu amerudi nyuma, nikamtaja kwa jina kwenye kikundi cha maombi kwamba adui amemnasa tumwombee. Hapo ndo panaponichoma zaidi kila nikikumbuka.

Umepita mwaka na zaidi. Mwezi uliopita nimekutana naye njiani, nikamsalimia, nikamwambia tunakukosa, rudi nyumbani kwa Baba. Akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Kaka, mi sina neno na wewe. Ila kila nikifumba macho niombe nasikia sauti yako inaniuliza kama nimeokoka. Nikaacha kufumba macho." Akaniaga akaenda zake.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nasoma Ezekieli habari za damu kudaiwa mkononi mwa mtu, naogopa. Swali langu, je kupotea kwake kunahesabiwa kwangu? Na niende kwake au nikienda ndo naharibu zaidi? Nisaidieni kwa Neno na kwa yale mliyopitia.

---

shujaa_wa_imani:

Shalom mtumishi. Usijitese. Warumi 14:12 iko wazi kabisa, kila mtu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu. Imani inayovunjika kwa sentensi moja ilikuwa haijajengwa juu ya mwamba, ilijengwa juu ya watu. Mi nimetukanwa kanisani, nimesingiziwa wizi wa sadaka mbele za watu na bado niko, kwa sababu sikumfuata mchungaji wala mwanakwaya, nilimfuata Yesu. Tubu kwa Mungu, songa mbele, yeye atajibu ya kwake. Watu siku hizi wanatafuta tu sababu ya kuondoka.

---

mwalimu_wa_watoto:

Ndugu shujaa, nakuheshimu na pole sana kwa kusingiziwa, lakini hiyo Warumi 14:12 umeikata kabla Paulo hajamaliza kusema. Nenda mstari wa 13 unaofuata palepale, anasema basi tusizidi kuhukumiana, afadhali tuamue hivi, mtu asiweke kitu cha kumkwaza ndugu yake au kumwangusha. Yaani kwa Paulo hayo mawili yanakaa pamoja, nitatoa habari zangu mimi, NA ndani ya hizo habari zangu nitaulizwa nilimwekea nini ndugu yangu njiani. Huwezi kuchukua 12 ukaiacha 13.

Na hili la kusema alikuwa dhaifu, sawa, tuseme alikuwa dhaifu. 1 Wakorintho 8:11 inasema nini juu ya dhaifu? Kwamba ni ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Paulo hamtumii udhaifu wake kumtetea yule aliyemkwaza, anautumia kumzidishia uzito. Mtoto mchanga akiangushwa hatusemi mbona shingo yake ilikuwa haijakaza, tunamuuliza aliyekuwa amembeba.

Sasa kaka kiongozi nirudi kwako. Ile habari ya damu kudaiwa, Ezekieli 3 na 33, ni habari ya mlinzi aliyeona hatari akanyamaza. Wewe hukunyamaza, ulisema, kosa lako ni lingine. Kama unataka kusoma Ezekieli soma sura ya 34, mstari wa 4, pale Mungu anawaambia wachungaji wa Israeli kwamba wagonjwa hawakuwatibu, waliovunjika hawakuwafunga, bali waliwatawala kwa nguvu na kwa ukali. Mtu aliyetoka kumzika mama yake ni mtu aliyevunjika. Wewe ulimkuta amevunjika ukamdai sauti ya pili. Nisamehe kama naongea moja kwa moja, mwenyewe umesema unataka Neno.

Na ule mstari uliomchapa nao. 1 Wathesalonike 4:13. Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wamefiwa wanauliza wafu wao itakuwaje, na lile fungu lote linaisha mstari wa 18 kwa kusema FARIJIANENI kwa maneno hayo. Hakusema tusihuzunike nukta. Kasema tusihuzunike kama wasio na matumaini, maana yake kuna kuhuzunika kwa mwenye matumaini na kunaruhusiwa. Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, Yohana 11:35, na alikuwa anajua dakika chache zijazo anamtoa. Sasa andiko lililoandikwa kwa ajili ya kufariji wafiwa likatumika kumwaibisha mfiwa, ndio maana akifumba macho anasikia wewe badala ya kumsikia Mungu, kwa sababu ulimsemea Mungu kitu ambacho Mungu hakusema. Kwangu hapo ndipo penye kosa lenyewe, kuliko hata ukali wa sauti.

---

Mama wa Watatu:

Wanangu nimewasoma. Mwanangu kiongozi kwanza pole, na ahsante kwa kusema ukweli wote hata ile sehemu ya kumtaja kwenye maombi, wengi wangeificha.

Mimi niliwahi kuwa huyo dada. Nilipoteza mimba mbili mfululizo, na mama mmoja wa kanisani aliniambia nichunguze maisha yangu labda kuna dhambi sijaungama. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kwa upendo kabisa, ameshika mkono wangu. Nadhani hata leo hajui alichokifanya. Nilikaa nje miaka mitatu. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo, hapana, nilianza kuamini kwamba yupo na ananichukia, na nawaambia ukweli hiyo ni mbaya zaidi kuliko kutoamini.

Aliyenirudisha hakuwa mhubiri. Ni jirani, tena wa dhehebu lingine, alikuwa anakuja mchana ananiosheria vyombo, anafua, anakaa. Hakuwahi kuniuliza kwa nini siendi ibadani. Miezi mingi. Siku moja MIMI ndiye niliyemwambia naomba uniombee na yeye akaomba sentensi mbili tu akaendelea kukunja nguo. Nilipokuwa namwangalia akikunja zile nguo ndio nikaanza kufikiri labda Mungu naye yuko hivi.

Ndiyo maana napenda kitabu cha Ayubu. Tunawalaumu sana wale marafiki watatu lakini walianza vizuri, sura ya 2 mwishoni walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Wangeondoka siku ya saba wangekumbukwa kama marafiki bora. Shida ilianza walipofungua mdomo kumtetea Mungu. Na sasa mwanangu soma mwisho wake, 42:7-9, Mungu anawakasirikia kwa sababu hawakusema yaliyo sawa juu yake, na anawaambia wachukue ng'ombe saba na kondoo saba waende KWA AYUBU, na Ayubu ndiye atakayewaombea. Hakuwaambia watubu kimyakimya wasonge mbele. Njia yao ya kurudi kwa Mungu ilipita kwenye mlango wa yule waliyemuumiza.

Kwa hiyo nadhani uende. Lakini namna ya kwenda ndiyo kazi, na hapo sijui kama mimi ndiye wa kukuambia, labda yuko mwingine.

---

niliyetoka:

Huwa nasoma tu humu sichangii kwa sababu mimi siendi tena kanisani na sijui kama bado naweza kujiita Mkristo, lakini hii imenigusa, naomba mniruhusu.

Kaka, mimi ndo upande wa pili wa hiyo stori. Sababu yangu ni nyingine, sitaitaja, ila kuna mtu aliyeniambia kitu mbele za watu na nikatoka. Nataka nikuambie mambo ambayo ningetaka yule wangu ayajue.

La kwanza, sio wewe peke yako. Umesema kulikuwa na watu kama ishirini. Hao ishirini walikuwa wanafanya nini? Ulipohesabu wakaanza upya kuimba. Mimi yule aliyenisema nilishamsahau karibu, uso wake siukumbuki vizuri, lakini nawakumbuka wote waliokuwa wameinamia simu zao wakijifanya hawajasikia na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa karibu kabisa. Kama hata mmoja angenifuata nje baada ya pale akasema tu "haikuwa sawa vile" nadhani ningekuwa bado nipo. Mtu mmoja tu. Kwa hiyo kama unaenda kutubu usijibebeshe yote mwenyewe kama vile we ndo mkubwa wa kila kitu, na wale wengine waambie ukweli.

La pili, ulipokutana naye ulimwambia rudi nyumbani kwa Baba. Kaka, hapo ulikuwa hujamwomba msamaha bado. Kwake hiyo ni mara ya pili unamwambia amekosea.

La tatu, ukienda usiende ili arudi. Sisi tuliotoka tunanusa hiyo kitu kutoka mbali, mtu anakuja anasema samahani lakini unaona kabisa jicho liko kwenye Jumapili ijayo. Kama samahani yako ina bei basi sio samahani. Na usiende pia ili ulale vizuri usingizi. Usimwambie habari za kutolala kwako, atajikuta anakubembeleza wewe.

Usinukuu mstari hata mmoja. Hata mzuri.

Na swali moja tu, mama yake alikuwa anaitwa nani?

---

shujaa_wa_imani:

Nimesoma hizi mbili za juu mara kadhaa. Bado nasimamia kwamba mtu asimwache Kristo kwa sababu ya binadamu, maana binadamu hatutaacha kukoseana mpaka anarudi, na mtu tukimfundisha kwamba imani yake iko mikononi mwa wengine tumemwangamiza. Lakini naona nilichofanya, neno ambalo lilinisaidia mimi niliyetukanwa nimempa yule aliyetukana. Kwangu lilikuwa dawa, kwake linakuwa kisingizio. Dada au kaka uliyetoka, naomba radhi kwa lile la kusema watu wanatafuta sababu. Sikuwa najua kuna mtu wa namna yako anasoma.

---

niliyetoka:

Nimepokea kaka. Ahsante.

---

mwalimu_wa_watoto:

Naongeza kidogo kwenye hili la wale ishirini maana limenishika.

Wagalatia 2:11-14, Petro pale Antiokia. Ukisoma vizuri Petro hakusema neno lolote baya. Alikuwa anakula na Wakristo wa mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga taratibu, basi. Aliinuka mezani tu. Lakini kwa kuinuka kule Wayahudi wengine nao wakainuka, na mstari wa 13 unasema HATA BARNABA akachukuliwa. Barnaba! Yule ambaye mitume walimpa jina la mwana wa faraja, Matendo 4:36. Hata mtu wa faraja anaweza kuinuka mezani kwa sababu mkubwa ameinuka. Hebu fikiria wale wa mataifa waliobaki na sahani zao, hakuna aliyewatukana, lakini walihubiriwa mahubiri marefu sana siku ile, kwamba ninyi ni Wakristo wa daraja la pili.

Kiongozi akifanya jambo wengine wanafuata bila hata kuamua. Wewe ulihesabu, wakaimba. Na Paulo alimkemea Petro mbele ya wote kwa sababu kosa lilikuwa mbele ya wote. Kwa hiyo kaka nadhani una sehemu mbili za kwenda. Moja ni kwa dada, hiyo ni faragha na kwa utaratibu huo aliosema ndugu yetu hapo juu. Nyingine ni mbele ya kwaya, na kile kikundi cha maombi pia, maana kule wanajua mpaka leo kwamba amenaswa na adui, kumbe hadithi waliyopewa siyo. Jina lake bado limechafuka huko na yeye hayupo kujitetea.

Kuhusu ile hofu yako ya kupotea kwake, mi nisingesema amepotea. Ezekieli 34 hiyohiyo baada ya kuwakemea wachungaji, mstari wa 11, Mungu anasema mimi mwenyewe nitawatafuta kondoo wangu. Yeye mwenyewe. Kwa hiyo kumrudisha sio kazi uliyopewa wewe, kazi yako ni kuondoa lile jiwe uliloliweka njiani afu ukae pembeni. Na hata jiwe la kusagia la Mathayo 18:6 lisomwe kwa hofu sawa, Kigiriki pale kinataja lile kubwa la kuzungushwa na punda, sio la mkono, Yesu alimaanisha alichosema. Lakini alilisema kwa wanafunzi walewale waliokuwa wanabishana nani mkubwa, na hakuwafukuza.

---

mpita_njia:

Mi nina kafupi tu. Agostino, yule askofu wa Hipo, alipofika Milano mwaka 384 alikuwa hana mpango na Ukristo, alienda kumsikiliza askofu Ambrosi kwa sababu ya ufundi wake wa kuongea. Na mwenyewe ameandika kwamba mwanzoni alimpenda Ambrosi si kama mwalimu wa kweli, bali kama mtu aliyemtendea wema. Akabatizwa na huyohuyo Ambrosi Pasaka ya mwaka 387. Nalisema kwa sababu tunaongea tu jinsi tunavyovunja, na wema wa kawaida wa kumpokea mgeni nao unafanya kazi miaka kabla hatujaona matunda yake. Kiongozi, una watu ishirini wengine mkononi mwako kila wiki.

---

kiongozi_wa_sauti:

Wapendwa nimerudi, zimepita wiki tatu, samahani kwa kukaa kimya.

Swali la jina la mama yake lilinimaliza. Nilikuwa sijui. Nilisimama kwenye kaburi la yule mama nikaongoza nyimbo nne na jina lake sikulishika, na nilipata ujasiri wa kumwambia binti yake alie kiasi gani. Nilikaa na hilo siku mbili.

Nilianza na kwaya. Niliwaambia kabla ya mazoezi, tumekaa, nikarudia maneno yangu ya siku ile kama yalivyokuwa bila kuyapunguza makali, nikasema ule mstari niliutumia vibaya na nikawasomea mpaka ule wa 18. Nikasema pia kwamba niliwahesabia mkaimba na sikuwapa nafasi ya kufanya kingine, ila mngeweza. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulia, akasema alitaka kumfuata nje siku ile akaogopa nitamsema na yeye. Hilo sikuwa nalijua. Miaka tisa naongoza watu ambao wananiogopa na mi nilikuwa naita nidhamu. Hatukuimba siku hiyo. Kwenye kikundi cha maombi nako nimeandika kwamba niliyoyasema juu yake hayakuwa kweli, ni mimi niliyemwumiza.

Huyo dada wa sauti ya kwanza ndiye aliyekuwa anajua jina la mama. Mke wangu nimemwambia pia, akaniuliza kwa nini nilikaa nalo peke yangu muda wote huo, sikuwa na jibu.

Kwa dada mwenyewe sikwenda, niliona kumtokea mlangoni ni kumlazimisha anipokee. Nimemwandikia meseji. Nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi mpaka ikabaki fupi. Nimemwambia nilichosema siku ile kilikuwa uongo juu ya Mungu na ukatili juu yake, kwamba kulia kwake hakukuwa na kosa lolote, kwamba wale waliosikia nimewaambia hivyo pia, na kwamba hadaiwi jibu wala chochote. Nikamtaja mama yake kwa jina, nikaandika pole kwa kumpoteza, pole ambayo nilitakiwa kuitoa siku ile aliporudi. Mstari sikuweka.

Alikaa siku nne. Afu akajibu, "Ahsante kwa kulitaja jina la mama."

Hajaandika kingine na mimi sijaandika kingine.

---

niliyetoka:

Mwache hapo hapo kaka. Usimtumie nyingine.

---

Mama wa Watatu:

Nimelia nikisoma. Nawaombea wote wawili, na wewe uliyetoka, kama hutajali.

---

niliyetoka:

Sijali mama.